Walizima Taa, Wakaacha Uwanja Mtupu

Hotuba kwa wanafunzi wa utalii na wakazi wa mwambao, Jinja

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa utalii mlioketi pale nyuma, na ninyi wageni wetu mliovuka mpaka wa Busia asubuhi ya leo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie bustani za burudani za pwani ambazo leo hazipo tena. Najua kuna anayejiuliza kimoyomoyo: Uganda haina bahari, mambo ya pwani ya Marekani na Uingereza yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, ni ziwa ambalo ukisimama Entebbe huoni ng'ambo. Kila Idi, na kila siku ya pili ya Krismasi, fukwe za Entebbe na Ggaba hujaa watu hadi mchanga hauonekani: watoto wamevaa nguo mpya, samaki wanakaangwa, spika zinashindana. Huo ndio umati ule ule uliojaza pwani za New York miaka mia moja iliyopita. Ningependa mjue yaliyowapata wale, kwa sababu watu walizipenda bustani zao hadi siku ya mwisho, na bado zikavunjwa. Aliyeshika hati ya ardhi ndiye aliyeamua. Aliyepanga foleni kila Jumapili hakuulizwa.

Tuanzie Coney Island, kusini kabisa mwa Brooklyn, New York. Mwaka 1884 mtu mmoja aitwaye LaMarcus Thompson alijenga pale reli ya kwanza ya starehe. Abiria alipanda ngazi hadi juu ya mnara wa mbao wenye kimo cha mita 15 hivi, akaketi kwenye benchi lenye magurudumu. Benchi lenyewe lilitazama kando, kana kwamba mtu ameketi barazani akiangalia wapita njia. Mhudumu alilisukuma kidogo, uzito wa abiria ukalivuta chini juu ya reli yenye mawimbi, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Boda boda wa hapa Jinja angelipita huku akizungumza na simu. Likifika mwisho, watu wote walishuka, vijana wakalisukuma hadi juu ya mnara wa pili, wakapanda tena, wakarudi walikotoka. Nauli ilikuwa senti 5. Watu walisimama foleni kwa saa nyingi kungoja safari ya dakika chache, na kutokana na kigari hicho cha polepole zikazaliwa rola kosta nyingi unazoziona leo kwenye televisheni.

Mwaka 1895 akaja Nahodha Paul Boyton. Huyu alikuwa mwogeleaji wa maonyesho. Mwaka 1875 alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza akielea chali ndani ya suti ya mpira iliyojazwa hewa, na baadaye akaelea katika mito mikubwa ya Ulaya na Marekani, watu wakijazana kingoni kumwangalia. Mkumbukeni mtu huyu, nitarudi kwake nikifika kwenye maporomoko yetu ya Bujagali. Boyton alifanya jambo ambalo pwani ile haikuwa imeliona: alizungushia uwanja uzio, akaweka lango, akatoza kiingilio. Kabla yake kila mwenye pembea alisimama peke yake mchangani na kulipwa peke yake. Ndani ya uzio huo, ulioitwa Sea Lion Park, kulikuwa na simba wa baharini waliofundishwa, na mashua bapa zilizoteremshwa kwenye mtelemko mrefu hadi zikalipiga bwawa na kurukaruka juu ya maji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. George Tilyou, mtoto wa pale pale Coney Island, alifungua Steeplechase Park mwaka 1897, akaweka farasi wa mashine waliokimbia juu ya reli kuuzunguka uwanja, kila farasi akibeba watu wawili, na wachumba wakapata sababu ya kushikana mbele za watu. Mwaka 1903 Frederic Thompson na Elmer Dundy walichukua uwanja wa Boyton na kufungua Luna Park, yenye taa za umeme 250,000. Mwaka uliofuata jirani yao akafungua Dreamland na kutangaza taa milioni 1. Hebu fikirini: wengi wa waliokwenda kutazama taa hizo waliishi kwenye vyumba vya kupanga vilivyowashwa mishumaa, gesi na taa za mafuta. Walikuwa wasichana wa viwanda vya kushona, wapagazi wa bandarini, Wayahudi waliokimbia Urusi, Waitaliano wasiojua neno la Kiingereza. Mwaka 1920, treni ya jiji ilipofika hadi ufukweni kwa nauli ya senti 5, mtu asiye na kitu aliweza kwenda baharini na kurudi kwa senti 10.

Sitawaficha upande mbaya. Ndani ya nyua hizo walionyeshwa pia binadamu. Mwaka 1905 Waigorot kutoka Ufilipino waliwekwa kwenye kijiji cha bandia pale Coney Island ili watu walipe na kuwatazama wakiishi. Na katika jiji lile lile, mwaka 1906, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, ndani ya banda la nyani. Alitoka nchi ambayo ni jirani yetu wa mlango kwa mlango. Mwaka 1916 alijiua. Anayeandika historia ya bustani hizi akaruka ukurasa huo, ameandika tangazo la biashara.

Lakini haki ya mtu apewe. Mle mle Luna Park, kuanzia 1903 hadi 1943, kulikuwa na nyumba ya watoto njiti. Martin Couney, aliyejiita daktari, aliwaweka kwenye mashine za joto, akaajiri wauguzi, akawatoza watazamaji senti 25, na wazazi hakuwatoza hata senti moja. Wakati huo hospitali nyingi hazikuwa na mashine hizo, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aliachwa afe. Maelfu ya watoto walipita mikononi mwake na wengi wao wakaishi. Mama zangu, kiingilio cha walevi wa pwani ndicho kilicholipia hewa na joto la watoto wale. Katika habari zote za Coney Island hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine.

Sasa tuje kwenye kufa kwake.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, siku ambayo msimu ulikuwa ufunguliwe, mafundi walikuwa ndani ya mchezo mmoja wa mashua pale Dreamland, mchezo uliopewa jina la Lango la Jahanamu, wakiziba uvujaji kwa lami ya moto. Taa zikazimika ghafla. Katika giza ndoo ya lami ikapinduka. Majengo yale meupe, yaliyoonekana kwa mbali kama marumaru, yalikuwa fito za mbao zilizopakwa plasta iliyochanganywa na nyuzi, na upepo ulikuwa unatoka baharini. Watoto njiti waliokuwa na nyumba yao hapo pia waliokolewa wote. Wanyama hawakubahatika: simba mmoja, Black Prince, alitoka mbio hadi barabarani manyoya ya shingo yakiwaka, akapanda juu ya jengo la mchezo wa reli, na polisi wakampiga risasi huko huko juu. Kulipokucha Dreamland ilikuwa majivu. Haikujengwa tena. Tangu 1957 mahali hapo pana jengo la samaki na viumbe wa baharini la jiji la New York.

Moto, hata hivyo, haukuwa adui mkubwa. Steeplechase iliungua mwaka 1907, na kesho yake Tilyou akatundika bango: ataijenga upya, kubwa zaidi, na kwa sasa kiingilio cha kutazama magofu yanayofuka moshi ni senti 10. Akaijenga kweli. Bustani iliyopendwa huinuka kwenye majivu yake, mradi mwenye ardhi anataka iinuke. Luna Park ilipoungua mwaka 1944 haikurudi kwa sababu aliyekuwa na ardhi alikuwa na mipango mingine, na baadaye maghorofa ya kupangisha yakasimama pale.

Kisa cha Steeplechase ndicho kinachonikera zaidi, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo. Watoto wa Tilyou waliiendesha hadi mwaka 1964, wakafunga. Mwaka uliofuata mjenzi wa nyumba Fred Trump, baba yake Donald Trump, aliununua uwanja ili ajenge maghorofa ya kifahari yanayotazama bahari. Ndani yake kulikuwa na ukumbi mkubwa wa chuma na vioo, na watu wakaanza kusema ulindwe kama jengo la kihistoria. Mwezi Septemba 1966, kabla jiji halijafanya uamuzi wowote, mwenye ardhi aliandaa tafrija. Wageni walialikwa, wakapewa vinywaji, kisha wakapewa matofali wayatupe kwenye vioo vya ukumbi ule. Tingatinga zikamalizia. Na baada ya hayo yote, jiji likakataa kubadilisha matumizi ya ardhi, maghorofa hayakujengwa, na mwaka 1969 jiji likanunua kiwanja hicho. Kwa miongo kadhaa hakukuwa na jengo la maana pale, hadi kilipokuja kiwanja cha besiboli mwaka 2001. Kilichookoka ni mnara mmoja wa kuteremkia kwa parachuti, mita 76 kwenda juu, ambao bado unaonekana kutoka mbali. Waliobomoa hawakupata walichotaka. Waliobomolewa hawakurudishiwa kilichokuwa chao. Nani alifaidika?

Na tuwe wakweli kuhusu waliokuwa wakipanga foleni hizo, kwa kuwa si kila mtu aliruhusiwa kupanga. San Francisco kulikuwa na Sutro Baths, jumba la vioo lililofunguliwa mwaka 1896 ufukweni mwa Pasifiki, lenye mabwawa 7, sita yakijazwa maji ya bahari. Mwaka 1897 John Harris, mtu mweusi, alilipa kiingilio, akanyimwa kuingia majini. Akaenda mahakamani, akashinda. Jumba lenyewe liliungua mwaka 1966 likiwa tayari linavunjwa kupisha nyumba, na nyumba hazikujengwa, na leo watalii hutembelea misingi yake ya zege iliyojaa maji.

Mfano unaofanana zaidi na kwetu ni Euclid Beach Park ya Cleveland, maana hiyo haikuwa kando ya bahari bali kando ya Ziwa Erie. Ilifunguliwa mwaka 1895. Familia ya Humphrey iliyoichukua mwaka 1901 ilipiga marufuku pombe na kufuta kiingilio cha langoni, familia zikamiminika. Lakini wasio weupe walizuiwa kwenye ukumbi wa dansi na sehemu ya kuogelea. Mwaka 1946 watu waliandamana, weusi na weupe pamoja, walinzi wakawapiga, na polisi mmoja mweusi ambaye hakuwa zamuni akajeruhiwa kwa risasi katika vurugu hizo. Mwaka 1947 jiji likapitisha sheria dhidi ya ubaguzi katika bustani za burudani. Bustani ikafungwa mwaka 1969. Na tusiende mbali hadi Amerika: Durban, bara letu hili, fukwe ziligawanywa kwa rangi kisheria hadi Novemba 1989, serikali ilipotangaza ziwe wazi kwa wote. Kuna watu wa umri wangu waliokulia hatua chache kutoka baharini wasiruhusiwe kulowesha miguu mahali pazuri.

Uingereza nitapita haraka. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846, na miji ya viwanda vya pamba ikawa inafunga mashine wiki nzima ili wafanyakazi waende baharini wote kwa pamoja. Kila mji wa pwani ukataka bustani yake. New Brighton, karibu na Liverpool, ilijenga mnara wa mita 173, mrefu kuliko ule wa Blackpool. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, chuma hakikutunzwa, kutu ikala, mnara ukafumuliwa kuanzia 1919. Baadaye zikaja ndege za bei nafuu za kwenda Hispania, na pwani zile za mvua na upepo zikaanza kufunga moja baada ya nyingine. Nako Marekani, Disneyland ilifunguliwa mwaka 1955 mbali na ufukwe, kati ya mashamba ya machungwa, mahali pa kufikiwa kwa gari. Asiye na gari akabaki na pwani yake inayochakaa.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa tulipoketi, hatua chache tu chini yetu, palikuwa na maporomoko ya Ripon, pale Mto Nile unapotoka ziwani, ambayo Wasoga na Waganda waliyajua kwa majina yao kabla Mwingereza Speke hajayaona mwaka 1862. Watu walikuja kukaa juu ya miamba na kutazama samaki wakijirusha dhidi ya maji. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, miamba ile ikazama. Baada ya Ripon tukabaki na Bujagali. Wengi wenu mliwahi kufika pale: familia zimeketi kwenye nyasi, chapati na soda, watoto wanapigwa picha, na zile ngazi za maji meupe zinanguruma hadi mnaongea kwa kupaza sauti. Palikuwa pia mahali pa mizimu ya Budhagaali, na wazee wa Busoga walipaheshimu kwa matambiko.

Na palikuwa na waogeleaji. Kijana alichukua jerikeni tupu la lita 20, akaliziba mdomo sawasawa, akapita kwenye miamba hadi juu. Wateja walichanga hela. Akajitupa. Jerikeni la njano linaonekana, linapotea, linaonekana tena upande mwingine, na sisi kingoni tumeshika vinywa. Halafu kichwa kinatokea kwenye maji matulivu kule chini, anacheka, anakuja kuchukua noti zake kwa mkono unaotiririka maji. Kazi hiyo iliwalipia watu ada za shule. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, megawati 250, lilizinduliwa rasmi, na maporomoko yakawa tayari yako chini ya ziwa jipya. Siwalaumu wanaotaka umeme. Taa za ukumbi huu zinawaka kwa maji hayo. Ninachouliza ni hiki: Paul Boyton alielea mtoni kwa suti ya mpira, na leo jina lake liko kwenye vitabu vya historia ya burudani duniani. Vijana wetu waliruka poromoko wakiwa na jerikeni tu. Majina yao yameandikwa wapi?

Fukwe za ziwa nazo zina mitihani yake. Mvua za mwishoni mwa 1961 na zilizofuata ziliinua Nalubaale kwa zaidi ya mita 2, na kiwango cha 1964 kikabaki kuwa rekodi hadi Mei 2020, ziwa lilipokivuka. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kinachoelea kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme hapa Jinja na nchi ikaingia gizani. Fukwe za Entebbe na Ggaba zilizama: vibanda, viti, pembea za watoto, vyote majini. Sheria yetu inasema mita 200 kutoka majini zihifadhiwe, na mwaka ule ziwa lenyewe lilikuja kutuonyesha kwa nini. Maji yalipopungua, baadhi ya wenye fukwe walirudi na wengine hawakuweza. Sehemu nyingine zimezungushiwa ukuta, na kijana wa Ggaba anayetaka kuliona ziwa alilozaliwa kando yake analazimika kununua soda kwanza.

Nimewatajia yaliyopotea, niwatajie na yaliyookolewa. Crystal Beach, upande wa Kanada wa Ziwa Erie, ilifungwa mwaka 1989 baada ya zaidi ya miaka 100. Rola kosta yake iitwayo Comet ikauzwa mnadani, ikafunguliwa chuma kwa chuma, na tangu 1994 inakimbia katika bustani nyingine jimboni New York. Farasi wa mbao wa Euclid Beach walirudishwa Cleveland, wakatengenezwa, na tangu 2014 watoto wanawapanda tena. Na Margate, Uingereza, kuna reli ya mbao ya mwaka 1920, ambayo mshika breki alikuwa akipanda pamoja na abiria. Mwenye ardhi alipotaka kufunga bustani hiyo mwaka 2003, wakazi walianzisha kampeni. Tayari reli yao ilikuwa imeandikishwa mwaka 2002 kwenye orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa. Mwaka 2008 ikachomwa moto, na hata hapo haikuwezekana kuisafisha na kujenga maduka, kwa sababu karatasi ilikuwepo. Halmashauri ikachukua ardhi kwa nguvu ya sheria, na bustani ikafunguliwa upya mwaka 2015. Watu wa Margate hawakuwa matajiri kuliko watu wa Brooklyn. Waliwahi kuandikisha.

Ndiyo maana nina ombi, hasa kwenu vijana. Likizo hii, kila mmoja amtafute mzee mmoja wa Jinja, Masese, Port Bell, Ggaba au Entebbe. Muulizeni mlikuwa mkienda wapi siku ya sikukuu. Mlipanda gari gani, mlilipa shilingi ngapi, nani alikuwa na pembea, bendi gani ilipiga, mlikula nini, na mara ya mwisho mlipakuta wazi ni lini. Mkipewa picha, andikeni nyuma yake kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani, wino hupenya ukaharibu sura. Usiichukue picha ya watu, ipige kwa simu umrudishie mwenyewe. Halafu leteni yote hapa, tuyapange, tupeleke nakala kwa wilaya na kwa wanaoshughulikia mahali pa kumbukumbu, ili siku mtu akija na ramani ya hoteli akute kuna faili.

Kazi hiyo tunaianza sasa hivi, kabla ya chakula. Yupo hapa mstari wa mbele mzee wetu aliyeruka Bujagali ujanani, na amekubali kutueleza jerikeni lilishikwaje na pumzi ilivutwa wapi. Vijana, toeni madaftari. Baba, karibu, kipaza sauti hiki hapa.